Tulipewa dakika arobaini za anga ya Wamagana kurusha roketi, na najua ni nani alizimaliza

Wakuu, salamu kutoka Skuta, Nyeri, ambako mlima umejifunika tangu asubuhi na baridi haina adabu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu hili jambo linanikereketa, na mke wangu amekataa kulisikia mara ya tano. Ninachowaambia kilitokea. Majina nimebadilisha, ila aibu ni yangu na nimeiacha ilivyo.

Nijitambulishe kidogo. Mimi natengeneza redio na simu mjini Nyeri. Watu huniita Baba Shiru. Nina umri wa kutosha kuwa na akili, lakini napenda roketi.

Sio zile za vita, tulieni. Hizi ni model rockets, za kuchezea. Mrija wa karatasi ngumu urefu wa mkono, mapezi matatu ya plywood, pua ya mbao, na injini ndogo ukubwa wa kidole gumba inayoagizwa kutoka nje. Inapaa sekunde chache, inatema parachuti, inashuka polepole. Unaiokota unarudi nyumbani na furaha ambayo huwezi kumweleza mtu.

Klabu yetu ina watu watatu. Wa kwanza ni mimi.

Wa pili ni Mwalimu Njoki, anafundisha physics sekondari. Huyu ndiye ubongo wa klabu. Hesabu zote ni zake na barua zote huandika yeye, kwa sababu mimi nikiandika barua kwa serikali hutoka na hasira.

Wa tatu ni Mzee Idi, fundi cherehani. Duka lake linatazamana na langu. Amezaliwa Nyeri mjini, babu mmoja alikuja na reli, bibi ni wa hapa hapa, na ukimuuliza kwao ni wapi anakuonyesha mlango wa duka. Ameshona kanzu, uniform za shule na suti za harusi za nusu ya mji huu.

Mrija wa roketi yetu ulitoka kwake. Ni ule unaobaki katikati ya jora kitambaa kikiisha. Na parachuti aliishona yeye.

Wakuu, ile parachuti! Alikusanya mabaki ya bitana, kile kitambaa chepesi cha ndani ya koti, akayaunga vipande vinane. Maruni, kijani, bluu, na kimoja cha rangi ya dhahabu. Mishono yake huioni mpaka uinamie.

Lakini hakuwa ameiona ikifunguka hewani hata siku moja. Mkumbuke hilo, maana ndilo lililotupeleka kote huko.

Mara ya kwanza tulienda kienyeji, bila karatasi yoyote. Tulipata uwanja mtupu nje ya mji, tukasimamisha roketi, nikashika swichi. Kabla sijabonyeza, tukaona askari wawili wanakuja kwa haraka. Kumbe kuna mtu alikuwa amepiga ripoti kwamba kuna watu wanatega kitu.

"Hii ni nini?" mmoja akauliza.

"Ni roketi," nikajibu kwa fahari.

Ushauri wa bure: ukiulizwa na askari, usianze na neno roketi. Anza na neno mwalimu. Anza hata na neno kanisa.

Mkubwa wa kituo alikuwa mtu mwelewa. Aliizungusha mkononi, akacheka, akaturudishia roketi na parachuti. Injini akabaki nayo.

"Hii iko na moto ndani," akasema. "Itakaa kwa armoury mpaka mlete permit."

Ndivyo injini yetu ya kidole gumba ilivyoenda kulala na bunduki. Na ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Ya pili tuliyoagiza ilifika nchini, ikakosa fungu la kuwekwa kwenye orodha ya ushuru, ikarudishwa ilikotoka. Imesafiri kuliko mimi.

Sasa njooni kwenye permit.

Ofisi ya mambo ya anga ilitaka barua ya polisi. Polisi wakataka barua ya chief. Chief akataka barua ya mwenye shamba. Shamba ni la mamake Njoki, huko upande wa Wamagana, kwa hivyo hiyo tuliipata kwa kikombe cha chai. Nikadhani tumemaliza.

Chief akauliza, "Na nyinyi ni kina nani? Ni group? Mko na certificate?"

Tukaenda kusajili group. Afisa wa pale alikuwa mpole, lakini orodha yake ilikuwa na kuku, ng'ombe wa maziwa, nyuki, merry-go-round ya kuchangiana pesa, na ushonaji. Roketi haikuwepo. Alihangaika nasi karibu saa nzima, hadi Mzee Idi akafungua mfuko akamwonyesha parachuti. Uso wa afisa ukang'aa. Tukasajiliwa kama kikundi cha ushonaji.

Kwa hiyo kisheria, hadi leo, mimi ni mshonaji. Sijui hata kutia uzi kwenye sindano.

Tukarudi kwa watu wa anga na furushi lote. Wakatupa form. Form yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya ndege, ndege kabisa, za kupanda watu. Jina la rubani? Tukaandika hakuna. Ikarudi: sehemu ya rubani lazima ijazwe.

Njoki akajiandika yeye. Jina, uzito, kila kitu. Baada ya wiki kadhaa ikarudi tena na maelezo mafupi, kwamba uzito wa rubani unazidi uzito wa chombo.

Mwalimu alisoma ile barua amesimama katikati ya duka langu. Akairudia tena, kidole kwenye mstari. Halafu akasema, "Ati nazidi." Nilijua kucheka siku hiyo ni hatari, nikajifanya natafuta waya.

Ilichukua miezi minane. Mimi kila jioni nilikuwa natoa lawama kwa yeyote aliyesimama kaunta. Mteja analeta simu iliyoingia maji, anaondoka na historia nzima ya urasimu nchini. Wengine walianza kupeleka simu kwingine, nawaelewa.

Siku moja Mzee Idi akavuka barabara akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakuwa na kawaida ya kukaa.

Akaniambia anafunga duka. Mgongo umekataa cherehani. Binti yake ameolewa Isiolo na anataka baba aende akae naye. Lori la vitu lingekuja Jumapili ya mwisho wa mwezi.

"Baba Shiru," akasema, "mimi nimeshona vitu vya watu kuvaa maisha yangu yote. Hii ni ya kwanza ya kuruka. Mimi nataka kuiona ikifunguka tu. Halafu nitaenda."

Nilishika mkono wake nikaapa kwamba ataiona.

Usiku sikulala, asubuhi nikampigia Njoki, Njoki akawapigia watu wa anga. Akapata dada mmoja, tumwite Madam Kerubo, ambaye kwa mara ya kwanza alisoma faili yote tangu mwanzo hadi mwisho. Akaweka jina la rubani pembeni na kuandika kwa mkono kwamba chombo hakipandwi. Miezi minane, wakuu, na ilihitaji sentensi moja ya mtu mwenye kalamu na akili.

Permit ikatoka. Jumamosi, siku moja kabla ya lori. Kuanzia saa nne kamili asubuhi hadi saa nne na dakika arobaini. Afisa wa anga lazima awepo. Injini italetwa na askari, na isipotumika itarudi naye.

Mnaona jinsi mambo yalivyokuwa yamekaa vizuri? Sasa nawaonyesha jinsi mtu mzima anavyoharibu.

Njoki alitaka tuwe wachache. Sisi watatu, afisa, askari na mamake. Mimi nikakataa. Nikamwambia huwezi kusainiwa barua na chief halafu usimwalike. Mzee wa kanisa aliyetupatia viti naye je? Kwetu shughuli bila wageni ni kama kufanya kitu cha wizi, na sisi tulikuwa tumechoka kuonekana wezi.

Nikafanya jingine zaidi. Nikaleta spika. Ni kazi yangu, ninazo. Spika mbili kubwa na mic, nikazifunga kwenye ukuta wa zizi.

Saa tatu na nusu shamba lilikuwa limejaa. Chief alikuwa ametangaza kwenye baraza, kwa hivyo kijiji kizima kilishuka kuona kile kitu. Mamake Njoki alipika sufuria tatu za chai. Mzee Idi alikaa mbele na kanzu nyeupe na kofia mpya, mikono kwenye magoti.

Madam Kerubo alifika na gumboots na redio ya mkononi. Akatuambia mapema, taratibu, mbele yangu na masikio yangu yakiwa mazima, "Dirisha ni dakika arobaini. Ikiisha imeisha. Kuna ndege inapita hapa."

Nikamwambia hakuna shida, madam.

Saa nne kamili tukaanza kwa maombi. Mzee wa kanisa aliombea roketi, upepo, serikali na mvua ya kahawa. Akamaliza haraka kwa viwango vyake.

Chief akasimama. Akasema yeye ndiye wa kwanza kuamini roketi hii, jambo ambalo si kweli hata kidogo, lakini alisema kwa ufupi na kukaa. Nilishangaa.

Njoki akashukuru watu kwa sentensi mbili.

Mzee Idi akapewa mic. Akaishika mbali na mdomo. "Mimi nimekuja kuona kitambaa ikifunguka. Asanteni." Akaketi. Watu wakapiga makofi.

Zilibaki dakika kama ishirini. Roketi ilikuwa imesimama kwenye fimbo yake. Injini imeingizwa, askari ameangalia. Kazi yangu ilikuwa kusema karibuni na kubonyeza swichi.

Nikachukua mic.

Wakuu, sijui niseme nini. Mic yangu mwenyewe, spika zangu mwenyewe, watu wote waliotusumbua wameketi mbele yangu kwenye viti vya kanisa na hawana pa kwenda. Miezi minane ilipanda ikanifika kooni.

Nilianza na ile ya askari. Watu wakacheka. Wangenyamaza labda ningekoma, lakini walicheka. Nikaingia kwa chief. Nikaingia kwenye kuku na nyuki. Nilipofika kwa rubani kuzidi uzito, akina mama walikuwa wanajifuta machozi, na Njoki ananikonyeza kwa macho makali. Nikadhani ameudhika nimetaja uzito wake.

Madam Kerubo akainua mkono.

Nikaona anataka kujitetea. Nikamwambia kwenye mic, spika zote mbili, "Madam, ngoja. Sisi tulingoja miezi minane. Wewe ngoja dakika mbili."

Makofi yakalipuka. Kichwa kikavimba. Nikaendelea na injini iliyorudishwa ng'ambo.

Nilipomaliza nilikuwa natokwa jasho kwenye ile baridi. Nikashika swichi. Nikasema, "Sasa Mzee Idi, tazama juu!"

Madam Kerubo alikuwa amesimama kati yangu na roketi.

"Baba Shiru," akasema, bila mic, bila hasira, "mimi sikuinua mkono kujibu. Niliinua kukuonyesha saa."

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na tatu.

Nikaanza kubishana. Dakika tatu tu! Nikasema maneno yote mnayoyajua, kwamba huu ndio ukoloni, kwamba ndiyo maana nchi haiendi mbele. Alinisikiliza. Halafu akanyoosha kidole upande wa mlima.

Ndege ndogo ilitokea kwenye mawingu. Ilikuwa chini, unaona hadi magurudumu. Ikapita juu kabisa ya shamba la mamake Njoki, pale pale ambapo roketi yetu ingekuwa imefika, ikaenda zake.

Chai ilisikika ikichemka.

Nikamwangalia Mzee Idi. Bado alikuwa anatazama juu, mkono umekinga macho, kana kwamba hajaelewa. Halafu akaushusha polepole. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Niliapa mbele yake, serikali ikaleta karatasi yote, na mimi ndiye nilimnyang'anya.

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya kiti chake. "Mzee, nisamehe. Ni mimi nimekosa."

Akanipiga begani. "Yote uliyosema ni kweli," akasema. "Shida ni saa tu."

Askari akaichomoa injini, akaitia kwenye bahasha yake. Watu wakaanza kukunja viti.

Ni Njoki aliyepata wazo. Alimgeukia Madam Kerubo. "Madam, hiyo parachuti peke yake, bila injini, nikiiangusha na mkono, inataka permit?"

Madam Kerubo akatoa kitabu chake cha kanuni. Akafungua, akalamba kidole, akafungua tena. Kijiji kizima kilimkodolea macho.

"Haiko hapa," akasema.

"Haiko maana yake imekatazwa ama imekubaliwa?" chief akauliza.

Akafunga kitabu. "Maana yake mimi sijaiona."

Kwenye ukingo wa shamba kuna mnara wa tangi la maji, na baada yake ardhi inashuka moja kwa moja hadi mtoni, mnajua miteremko ya huku Tetu. Njoki akavua viatu. Akafunga pua ya roketi kwenye kamba za parachuti iwe uzito, akaitia kwenye mkoba, akaanza kupanda ngazi na sketi yake ya ualimu.

"Rubani amepanda!" mamake akapiga kelele, na hapo watu wote wakarudi.

Tulimsogeza Mzee Idi na kiti chake hadi ukingoni. Mimi nilishika nyuma ya kiti. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na sikuwa nimefumba macho wakati wa maombi ya kwanza, nakiri.

Njoki akaitupa mbele, mbali na mnara.

Ilianguka kama tambara. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili.

Ikafunguka.

Ilisema pap, tuliisikia wote, na vipande vinane vikajaa upepo. Maruni, kijani, bluu, dhahabu. Ikasimama kidogo hewani kana kwamba inafikiria, halafu ikaanza kuelea kushuka bondeni, polepole, bila haraka ya mtu yeyote.

Mzee Idi alisimama. Midomo ilikuwa inacheza na machozi yanashuka hadi kwenye ndevu, na mimi yangu nayo niliyaacha yatiririke.

Chief ndiye alituharibia.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Hiyo ya gold si ni ya suti yangu ya harusi?"

Akamgeukia Mzee Idi.

"Fundi, nilikuuliza kama kuna kitambaa imebaki. Ukaniambia hakuna hata ya kufunga kidole!"

Mzee Idi hakuondoa macho kwenye parachuti. "Haikubaki, chief," akasema. "Ilipanda cheo."

Wakuu, chief alicheka hadi akashika mti. Halafu mzee wa kanisa akadai ile maruni ni yake. Mpaka parachuti inatua mtoni, vipande vyote vilikuwa vimepata wenyewe, na kila mmoja alikuwa anasimama kifua mbele kama aliyechangia.

Watoto waliikimbilia kuirudisha, na Njoki aliitupa mara sita. Hakuna aliyeangalia saa.

Jumapili lori lilikuja. Nilisaidia kupakia cherehani. Mzee Idi alitaka kutuachia parachuti, tukakataa, akaikunja vizuri akaiweka ndani ya kofia yake na kofia ndani ya sanduku. Mlango wa duka lake sasa umefungwa na mimi kila nikiinua kichwa kutoka kwa redio ya mtu nauona. Si rahisi.

Madam Kerubo nilimpigia simu Jumatatu kuomba msamaha. Alicheka. Akasema amesikia hotuba mbaya zaidi, ila si kwa spika mbili.

Funzo langu? Sheria za hobby yetu bado zina upuuzi mwingi, na bado nitalalamika. Form ya ndege kwa kitu cha karatasi ni upuuzi, na kukwamisha watu miezi minane ni upuuzi. Lakini siku serikali iliponipa nilichoomba, nilikuwa nimezoea kulalamika kuliko kurusha. Hilo silo kosa la ofisi yoyote.

Tumeomba permit nyingine. Safari hii ni Isiolo, tambarare, mbingu tupu, na Mzee Idi amesema atatungoja na parachuti yake mfukoni. Injini bado iko armoury, inaota na bunduki.

Njoki ameshaandika programu ya siku hiyo. Maombi dakika mbili. Mzee Idi, neno moja. Urushaji. Nimeisoma juu hadi chini nikitafuta jina langu, nikalipata mwishoni kabisa: Baba Shiru, kubeba spika, zisiwashwe.

Kama kuna mwenye amepitia mambo ya permit za roketi, drone, hata kishada, mwageni hapa chini. Semeni hata kwa kirefu. Mimi nitasoma tu.